Ndoo ya Mpanga Barua

Tuseme ukweli tu, maana hata mwenyewe siku hizi anausimulia huku akicheka: Jabez Trevorrow alitapika kutoka Albany mpaka ghuba ya Largs, safari baada ya safari, kwa miaka, na kazi yake ilikuwa huko huko baharini. Sasa wewe niambie, mtu ambaye tumbo lake linachafuka hata akitazama maji kwenye beseni, anatafuta nini kwenye meli ya barua? Sisi wa Semaphore, kando ya ghuba hiyo, tulikuwa tukimwona akishuka gatini, uso umempauka, kofia ameishusha mpaka machoni, hasalimii mtu. Tukadhani ni maringo ya watu wa serikali. Kumbe wapi! Mwenzetu alikuwa anajikaza asianguke mbele yetu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meli ya barua ikitoka Uingereza iligusa kwanza Albany, kule pembe ya magharibi ya Australia, kisha ikaikata Ghuba Kuu kuja kwetu. Zamani magunia yalifika yamevurugika, barua ya Brisbane imelaliwa na ya Ballarat, na Posta Kuu ya Adelaide ilihangaika nayo huku makoloni ya mashariki yakipiga kelele. Reli ya kwenda Melbourne ilipokamilika, wakubwa wakasema, kwa nini barua zisipangwe humo humo melini? Meli itie nanga, na gunia la Melbourne liwe limeshafungwa, la Sydney limeshafungwa, la Queensland limeshafungwa, yote yaingie kwenye treni moja kwa moja. Meli ibaki kuzungukazunguka pwani na abiria wake, treni imeshaiacha mbali.

Kwa hiyo wapanga barua watatu walikuwa wakipanda meli ya kwenda, wanashuka Albany, wanaingoja inayokuja, halafu wanarudi nayo wakipanga barua katika chumba kisicho na dirisha. Magunia yananing'inia ukutani midomo wazi, meza imejaa barua, na meli inainama huku, inainama kule. Ukitaka kumtesa mtu mwenye tumbo la Jabez, huwezi kubuni chumba kibaya kuliko kile.

Jabez alizaliwa Moonta, kwenye machimbo ya shaba, mtoto wa watu wa Cornwall, Wamethodisti wa kuimba mpaka dari litikisike. Alikuwa na mkono mwepesi, akaajiriwa Posta, na kwa ule wepesi wa mkono wakampandisha meli. Safari ya kwanza alidhani anakufa. Alipofika Albany alikuwa ameshaamua: nikirudi naomba dawati la nchi kavu, na wanicheke wanavyotaka.

Basi wapanga barua walifikia kwa Bibi Dorcas Muirhead, mjane wa Kiskoti aliyekuwa na nyumba ya wageni juu kidogo ya gati. Jabez akakaa mezani na njaa ya safari nzima. Bibi Muirhead akamwekea bakuli la mchuzi wa kondoo wenye shayiri, akamtazama, akasema, "Kula polepole, Bwana Posta. Hakuna anayekunyang'anya." Jabez akala polepole, akainua macho, na habari ya dawati la nchi kavu ikaishia pale pale.

Tangu siku hiyo alikuwa anapanda meli kama mtu anayekwenda kung'olewa jino, na anashuka Albany kama mtu aliyepewa zawadi. Kule baharini alijificha. Alitengeneza visingizio vya kila namna: anakwenda kuangalia lakiri, anakwenda kuhesabu magunia ya shehenani, ameitwa na mlinzi, amesahau kisu. Elias Nankivell, mwenzake wa miaka yote, alijua akanyamaza, maana Elias ni mtu mwema ingawa ni mlafi.

Lakini kwa Bibi Muirhead ndiko alikojificha zaidi. Ukutani, juu ya jiko lake, ilining'inia picha ya marehemu mumewe, rubani wa bandari, ndevu mpaka kifuani, miguu ameitanua juu ya sitaha kana kwamba bahari ni sakafu ya kanisa. Jabez alikuwa akiitazama ile picha anasikia aibu mpaka masikioni. Mwanamke aliyezoea dume la bahari kama lile, atamtaka mtu wa kutapikia ndoo? Kila mara aliapa kwamba leo nasema. Kila mara alianza, "Bibi Muirhead, nilikuwa nataka..." halafu anamalizia kwa kuomba chumvi. Miaka, jamani! Chumvi aliyoomba mtu yule ingetosha kukausha ng'ombe.

Halafu akaja mkuu mpya wa wapanga barua, Bwana Erasmus Fothergill. Mtu wa sharubu zilizochanwa, kola ngumu, sauti ya mahakamani. Hakuwa mbaya, ila alikuwa na ugonjwa mmoja wa kujisifia tumbo lake. Safari yake ya kwanza nao, meli ikielekea Albany, alifungua mlango wa ujiani akakutana na Jabez uso kwa uso.

"Trevorrow! Nini hicho?"

"Ndoo, bwana."

"Ndoo naiona. Ndani yake?"

"Kifungua kinywa, bwana."

Fothergill akarudi hatua moja. "Hii imeanza lini?"

Jabez akafikiria kudanganya, akachoka. "Tangu niajiriwe, bwana."

"Yaani Posta imeweka barua za makoloni matatu mikononi mwa mtu anayetapika? Mimi tangu nizaliwe sijawahi hata kucheua melini!"

"Hongera, bwana," akasema Jabez, na kwa kweli alikuwa na maana hiyo hiyo. Fothergill akadhani anadhihakiwa.

Hukumu ikatoka pale pale. Lakini kwanza uelewe habari ya bendera. Meli ikitoka Ghuba Kuu hupita karibu na rasi ya Borda, ncha ya kisiwa cha Kangaroo, ambako kuna mnara wa taa na waya wa simu. Meli ikipandisha bendera ya barua, walinzi wa mnara wanapeleka habari Adelaide: barua za mashariki ziko tayari, au zitakuwa tayari nanga ikizama. Reli inawasha injini, na treni ya Melbourne inangojeshwa. Bendera isipopanda, treni inakwenda zake, na barua zinalala Adelaide hadi kesho yake. Na zikilala, lo, usiombe ukasikia matusi ya magazeti ya Melbourne!

"Safari ya kurudi nakutazama," Fothergill akasema. "Bendera ikipanda Borda na kazi ikakamilika, nanyamaza, tapika upendavyo. Isipopanda kwa sababu yako, unashuka nchi kavu, na hutaiona Albany tena."

Angesema hutauona mkate tena, Jabez asingeshtuka hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ndoo.

Albany siku zile alikaa kama mfiwa. Bibi Muirhead aliligundua hilo kabla hajavua kofia.

"Bwana Posta, nani kakukanyaga?"

"Hakuna, mama."

"Basi usinununie mchuzi wangu, haujakukosea."

Fothergill na Nankivell wakacheka. Jabez akamtazama yule mama alivyokuwa akikata mkate, mikono yake mipana, unga kwenye kiwiko, na moyo ukamuuma hasa. Leo nasema, akajiambia. Hata kama ni mara ya mwisho. "Bibi Muirhead," akaanza, "nilikuwa nataka..."

"Ndiyo?" Akaacha kisu.

"Chumvi," akasema Jabez.

Bibi Muirhead akamsogezea chumvi taratibu sana. Fothergill akamtazama Jabez, akamtazama mama, akashughulika na sharubu zake.

Siku ya kuondoka, kama kawaida, mama aligawa chakula cha njiani. Nankivell akapewa pai la nyama, la moto, linavuja mafuta. Fothergill akapewa pai. Jabez akapewa kifurushi cha karatasi, ndani biskuti ngumu za mabaharia na vipande vya tangawizi kavu. Ndivyo ilivyokuwa kila safari, na kila safari ilimchoma. "Usile vyote kwa pamoja," akaambiwa. Akatia mfukoni. Hivi mimi nimemkosea nini huyu mama, akawaza, hata pai nisipewe?

Meli iliyokuja ilikuwa mpya, inaitwa Caradoc, ndefu, nyembamba, ya mbio. Wahandisi waliisifu sana. Hawakusema kwamba ndani ya mawimbi ya Ghuba Kuu inajipinda na kujigeuza ovyo, haiinami kama meli za watu. Na barua zilikuwa za Krismasi! Magunia yalijaa chumba, yakajaa ujia, kadi, vifurushi, soksi zilizofumwa na mashangazi wa Yorkshire, keki zilizokwisha kupondeka. Meli ya mbio maana yake muda umepungua, na kazi imeongezeka. Jabez alipouona ule mlima akakaa chini.

Siku ya kwanza walikwenda vizuri. Ya pili upepo wa kusini ukaja na hasira zake, na mawimbi yakaanza kuipiga Caradoc ubavuni. Jabez alikwisha kuwa na ndoo yake tayari. Alikuwa katikati ya shughuli zake aliposikia sauti ngeni, akageuka. Nankivell, Nankivell mla-kila-kitu, ameshika nguzo ya meza, rangi yake imekuwa ya jibini la zamani, na pai la Bibi Muirhead linarudi lilikotoka.

"Elias!"

"Usi... usiniseme," Nankivell akajibu.

Halafu ukasikika mwanguko. Bwana Erasmus Fothergill, tumbo la chuma, amelala juu ya gunia la Bendigo, kola imefunguka, macho ameyafumba. "Trevorrow," akanong'ona, "nakufa. Mwambie mke wangu..."

"Hufi, bwana."

"Nakufa. Hujui ninavyojisikia."

Jabez angecheka kama tumbo lake lingemruhusu. Ndipo akaiona hatari yenyewe. Barua nusu nzima hazijaguswa. Wawili wako chini. Borda inakuja, na bendera haitapanda, na wala haitakuwa kwa sababu yake, lakini nani atabishana? Barua zikilala Adelaide mtu atatafutwa wa kulaumiwa, na mtu wa ndoo anajulikana. Bakuli la mchuzi wa kondoo likamjia akilini, na yule mama aliyeacha kisu akingoja neno, akapewa chumvi. La hasha, akasema kwa sauti. Ng'o!

Miaka yote ile ya kuteseka alikuwa amejitengenezea namna yake ya kufanya kazi, wenzake hawaijui kwa sababu aliifanya wakiwa wamelala. Akayashusha magunia kutoka ukutani, akayapanga sakafuni kwa duara, midomo wazi. Katikati ya duara akakaa mwenyewe, mgongo kwenye mguu wa meza, mkanda wa kiuno ameufunga kwenye ule mguu, ndoo katikati ya magoti. Mtu aliyekaa chini haanguki. Magunia yaliyo sakafuni hayayumbi. Akaweka biskuti moja shavuni, na kipande cha tangawizi chini ya ulimi, akaanza. Melbourne, Sydney, Geelong, Sydney, ndoo. Futa mdomo. Brisbane, Melbourne, Bathurst, ndoo.

Muda ukapita, Nankivell akafumbua jicho moja. "Unafanyaje, ndugu yangu?"

"Njoo ukae hapa. Tafuta ndoo. Usipigane nayo, Elias, hapo ndipo mnapokosea. Ikija, iache ije, halafu chukua barua inayofuata. Kati ya moja na nyingine kuna nafasi. Katika nafasi hiyo ndimo tunamofanyia kazi."

"Miaka yote hii umekuwa ukifanya kazi hivi?"

"Chukua biskuti."

Nankivell akatambaa, akafungwa mkanda. Baadaye, niamini usiniamini, mkuu mwenyewe akaja kwa magoti, bila kola, anaburuta chombo cha haja ndogo cha shaba alichokipora kwenye kabati la daraja la kwanza. Jabez akamfunga mkanda kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni. Wakakaa watatu, migongo imekutana kwenye mguu mmoja wa meza, wanatapika na kupanga, wanapanga na kutapika. Jabez akaanzisha wimbo wa kanisani, wa mwendo wa taratibu, ili mikono ifuate. Fothergill alikuwa Mwanglikana na hakuujua, lakini aliitikia.

Waliposikia filimbi kutoka kwa nahodha wakajua Borda inaonekana. Baharia akachungulia, akashika pua. "Nahodha anauliza, bendera?"

Melbourne imeshafungwa. Sydney imeshafungwa. Queensland ilikuwa bado, rundo lake linawatazama. Fothergill akalitazama lile rundo, akatazama mlango. Ukipandisha bendera na kazi isikamilike, treni itangojeshwa bure, abiria watapiga kelele, na mkuu wa wapanga barua ndiye atakayesimama mbele ya wakubwa. Jasho lilimtoka.

"Trevorrow. Tutamaliza?"

"Pandisha, bwana."

"Ukikosea tumekwisha wote wawili."

"Najua. Pandisha."

Fothergill akameza mate, jambo ambalo halikuwa rahisi wakati ule. "Mwambie nahodha apandishe," akasema.

Mimi nilikuwepo gatini Largs, kwa hiyo hapa sikusimuliwa. Tuliambiwa bendera imeonekana, treni inangoja, na Mkubwa wa Posta amekuja mwenyewe kutoka mjini kwa sababu ya zile barua za Krismasi, na kofia yake ndefu, na mkewe. Watu tulijaa kama kwenye mnada. Caradoc ikatia nanga mbali kidogo, bahari bado imechafuka, na mashua ya moshi ikaenda kupokea magunia. Yakarushwa moja moja, mpokeaji anaita jina, Melbourne, Sydney. Mwishoni tukaona kitu cha ajabu. Mtu anashushwa kwa kamba kwenye mashua, amekumbatia gunia lililo wazi, na kifua cha shati lake kimejaa barua.

Queensland ilikuwa haijakamilika. Kwa hiyo Jabez alishuka nayo. Mashua ikaanza kuja, inaruka kama mbuzi, na yeye amekaa chini kati ya magunia, anatoa barua kifuani anazitia, Toowoomba, Rockhampton, halafu anainama ukingoni mbele ya macho yetu wote, mbele ya Mkubwa wa Posta na mkewe, anatapika kwa sauti, anafuta mdomo, anaendelea. Tukaanza kucheka. Haki ya Mungu, tulicheka, sikatai. Halafu kicheko kikatukauka, maana tulielewa tunachokiona. Alipogusa gati, gunia lilikuwa limefungwa na lakiri imeshagongwa juu yake. Magunia yakapita mikononi mwetu mpaka kwenye mabehewa, injini ikapiga mluzi, barua za mashariki hizooo. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kofia chini, nyie!" Tukavua.

Jabez alisimama pale, anachojua ni kwamba bendera haikusema uongo. Ameshinda. Albany ni yake.

Mkubwa wa Posta akamsogelea, machozi yanamlengalenga. "Kijana wangu," akasema ili wote tusikie, "mtu wa moyo kama wako hawezi kuachwa ateseke zaidi. Kuanzia leo wewe ni msimamizi wa barua hapa gatini Largs. Nchi kavu! Hutapanda meli tena maisha yako!"

Tukashangilia mpaka ndege wakaruka. Sisi tulijuaje? Mtu anaweza kukataa adhabu, akalia, akakata rufaa. Zawadi utaikataaje mbele ya umma, umeshikwa mkono na mkubwa na mkewe? "Asante, bwana," akasema, akageuza uso kuelekea baharini, na mara hii halikuwa tumbo.

Aliyemwona ni Fothergill. Alikuwa ameketi juu ya sanduku, bado hana kola. Akanyanyuka, akamwendea Mkubwa, wakazungumza. Akarudi akamwambia Jabez pembeni, "Una safari moja zaidi. Nimesema mrithi wako lazima afundishwe ile kazi ya duara, na anayeijua ni wewe." Akakohoa. "Na Trevorrow, safari hii ukimwomba yule mama chumvi nitakutupa baharini mimi mwenyewe."

Basi akaenda, akitapika njia nzima, na kwa mara ya kwanza bila kujificha. Huko Albany akaingia jikoni moja kwa moja, kofia mkononi. Bibi Muirhead alikuwa anakoroga sufuria.

"Bibi Muirhead, mimi huwa natapika."

Akageuka. "Sasa hivi? Siyo humu ndani."

"Baharini. Safari zote. Tangu ya kwanza. Nilikuficha."

Mama akaweka mwiko chini. "Mashati yako nani anayafua?"

Jabez akalitazama shati lake.

"Miaka yote hii nafua mashati yako, Jabez Trevorrow, unadhani pua yangu imekufa? Biskuti na tangawizi ulidhani ni uchoyo? Wenzio nawapa pai kwa sababu wana tumbo la pai."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Mtu anayetapika bahari nzima ili aje kula mchuzi wangu, nimwulize nini tena? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Wewe ukawa unaomba chumvi!"

Hapo akayatoa yote: gati, zawadi, safari ya mwisho. Bibi Muirhead akaketi kwenye kigoda, akaikunja aproni yake, akaikunjua. "Kwa hiyo hutakuja tena."

"Siwezi. Kazi yangu sasa iko kule gatini. Njoo wewe, Dorcas. Semaphore. Uwe mke wangu."

Macho yake yaling'aa, halafu yakazimika. "Niombe chochote ila hicho," akasema. "Unadhani mimi nilichagua Albany? Nilitoka kwetu Leith nikiwa msichana, meli inakwenda Sydney. Nilitapika mpaka nikaona damu. Hii ndiyo bandari ya kwanza iliyokuja, nikashuka, nikaapa sipandi chombo tena. Hata yule pale ukutani hakuwahi kunitia kwenye mashua yake. Nakupenda, ndiyo. Lakini meli siwezi. Siwezi, Jabez."

Ni yeye ambaye angeweza kubisha? Yeye anayejua? "Naelewa," akasema, na alielewa, na ndiyo maana iliuma zaidi. Hakumsihi. Zile siku za kungoja walikaa jikoni wakiongea mambo madogo madogo.

Meli ikaonekana asubuhi. Nankivell akapewa pai lake, Fothergill akakataa pai akaomba biskuti, mrithi akapewa pai kwa kuwa hajui. Jabez hakupewa kitu. Zamu yake ilipofika, mama alikuwa ameshatoka jikoni. Akashuka gatini mikono mitupu, hatazami nyuma, maana akitazama asingekwenda.

Mwishoni kabisa mwa gati, juu ya sanduku la nguo, aliketi Dorcas Muirhead, kofia ya kanisani kichwani, rangi imemtoka na meli bado iko mbali. Mkononi ameshika kifurushi cha karatasi.

"Biskuti za leo ni zangu," akasema. "Usiniongeleshe. Nikiongea nitarudi nyumbani."

Ndoa walikuja kufungia hapa Semaphore, na mimi niliimba. Lakini Jabez, ukimwuliza, anasema yeye alioa siku ya pili ya safari ile, Ghuba Kuu ikiwa katika ubaya wake. Duara la magunia sakafuni, mrithi amefungwa mkanda, analia. Jabez akawa anakimbia kati ya barua na kile chumba kidogo ambamo Dorcas alikuwa amelala sakafuni, kwa sababu kitandani alikataa.

"Usipigane nayo," akamwambia, akimshikia ndoo kwa mkono mmoja na nywele kwa mwingine. "Iache ije."

Ikaja. Akamfuta mdomo. Yeye mwenyewe tumbo lilipanda, akageuka, akatumia ile ile ndoo. Dorcas akamtazama kwa macho mekundu.

"Jabez. Ulikuwa hivi kila safari?"

"Kila safari."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi."

"Kwa mchuzi wa kondoo!"

"Haikuwa mchuzi, Dorcas."

Akaanza kucheka, kicheko kikamgeuka, akaishika ndoo kwa mikono yote miwili. Jabez akakaa naye mpaka ikapita, akamwekea kipande cha tangawizi chini ya ulimi, akarudi kufunga gunia la Queensland.